Sikumuuliza Bartolomayo

Uliangalia pembeni. Usianze kutikisa kichwa, nilikuona. Bartolomayo alipoingia dukani pale Bahi kununua chumvi, wewe ulikumbuka ghafla kwamba una simu ya kupiga. Mwenzako aliinama kufunga kamba za viatu, na miguuni alikuwa na kandambili. Na wewe ambaye hujawahi kukanyaga Bahi, usijitoe. Kuna siku kompyuta ilisimama mbele yako ikakuuliza swali la maana, ukabonyeza Ndiyo bila kusoma, ili ikupishe. Huko nako ni kuangalia pembeni. Nakujua vizuri, maana mimi ndiye niliyewatangulia wote.

Naitwa Sostenes. Watu wananiita Katibu, kwa kuwa huu ni mwaka wa kumi na tisa nikiwa katibu wa kamati ya majaruba, yaani mashamba ya mpunga ya kijijini kwetu, kule mbugani Bahi. Ukatibu sikuusomea. Niliishia darasa la saba. Sheria ya ardhi niliisoma mwenyewe kwa kibatari, kifungu kwa kifungu, mpaka mawakili wa mjini wakawa wananiamkia. Kompyuta nayo nilijifundisha mwenyewe, nikiwa na miaka hamsini na sita, sebuleni kwangu mjini, Area D, nilikohamia ili niwe karibu na ofisi ninazogombana nazo.

Na sisahau. Nakumbuka kila dirisha la ofisi nililowahi kusimama mbele yake. Tarehe kumi na moja Machi 2008 karani alinirudisha kwa sababu barua yangu ilikuwa na mhuri wa kijiji lakini haikuwa na wa kata. Niliporudi na wa kata, akauliza wa tarafa. Kibali cha kukutana, kibali cha kusema, kibali cha kuomba kibali. Baba yangu alitolewa kwenye tembe yake wakati wa kuhamishiwa vijijini na hakuna aliyemuuliza kama anataka kutoka. Na mwaka juzi, kiangazi, walikuja watu na vipimo wakapima majaruba yetu, wakasema upande wa magharibi sasa ni wa kampuni. Kwa hiyo neno letu tuliloandika kwa chokaa kwenye ukuta wa ghala lilikuwa moja tu: HATUKUULIZWA.

Lishike hilo neno. Mimi nililipaka kwa mkono wangu.

Ili kuipinga kampuni tulihitaji ushahidi wa watu waliolima pale miaka yote. Kazi hiyo aliifanya Bartolomayo. Mimi watu wananiogopa kidogo, nasema kwa sauti kubwa. Bartolomayo anakaa kwenye kigoda, anaulizia ng'ombe, anaulizia mvua, na mtu anajikuta ameshasema yote. Alipita nyumba thelathini na nne. Walikubali kwa sharti moja, kwamba majina yao yasionekane na mtu yeyote mpaka siku ya baraza la ardhi. Bi Tereza ndiye aliyesisitiza kuliko wote. Mwanawe Elisha alikuwa mlinzi kwenye geti la kampuni hiyohiyo. Siku ya kutia alama nilikuwepo. Alipoweka dole gumba kwenye karatasi alilishikilia pale, akaniangalia.

"Katibu, hili dole lina mwanangu ndani yake. Likitoka nje, na yeye anatoka."

"Mama, karatasi hii inalala kwangu," nikamwambia. "Watakaoijua ni mimi na Bartolomayo."

Nikazibeba karatasi za nyumba zote thelathini na nne mpaka Area D, nikaanza kuziingiza kwenye kompyuta kwa skana.

Sasa hiyo skana ni ya zamani, na programu yake ni ya zamani vilevile. Kila nilipoifungua, kioo chote kilikuwa kinaingia giza, halafu katikati kinatokea kisanduku: Je, unairuhusu programu hii ifanye mabadiliko kwenye kompyuta yako? Ndiyo. Hapana. Nabonyeza Ndiyo. Napiga kurasa tatu, umeme unakatika. Unarudi, nafungua tena, giza, swali lilelile. Siku moja nilihesabu mara kumi na saba. Nikahisi yule karani wa 2008 amehamia sebuleni kwangu. Ndani ya nyumba yangu, kwenye mashine yangu, naombwa kibali!

Chumba changu cha uani anakaa Nasra, binti wa Kondoa anayefundisha kompyuta kwenye chuo kidogo hapa mjini. Nikamwita.

"Shikamoo, Mzee Hatukuulizwa," akaniamkia. Ndivyo anavyonitania.

"Marahaba. Njoo umtoe huyu afisa kwenye kompyuta yangu."

Akakaa, akafungua programu, akaangalia giza na swali, akacheka.

"Baba, huyu si afisa. Huyu anapiga hodi. Programu yako ya skana inataka kuandika kwenye chumba cha ndani cha mashine, ndiyo maana inasimamishwa mlangoni."

"Si namjua? Ni mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani anapiga hodi mara kumi na saba?"

"Hapo umesema kweli. Basi huyu mmoja tutampa njia yake. Kuna sehemu humu ya kupanga kazi za kompyuta, naiandikisha programu hii peke yake, nakuwekea alama ya kuifungulia hapa mbele. Yeye atapita kimya. Wengine wote wataendelea kupiga hodi."

"Fanya."

"Jumamosi. Kesho na keshokutwa nasimamia mitihani, na nataka kwanza niangalie hiyo programu imetoka wapi."

"Jumamosi! Hata halmashauri wananiambia njoo Jumatatu, nawe unanipa Jumamosi."

"Baba, umegombana na serikali miaka kumi na tisa. Siku tatu zitakuua?" Akainuka. Mlangoni akageuka, na sasa hakuwa anacheka. "Halafu, kuna kijiti humo kwenye mipangilio, cha kupandisha na kushusha. Ukikishusha mpaka chini haimuulizi mtu yeyote kitu chochote. Usikiguse."

Usimwambie mtu kama mimi usikiguse.

Nilikitafuta asubuhi iliyofuata, kabla ya chai. Dakika ishirini nikakipata. Kilikuwa na ngazi nne. Nikakishika, nikakivuta mpaka chini kabisa, na kompyuta ikaingia giza mara moja ya mwisho. Ikaniuliza kama naruhusu badiliko hilo. Yaani kitu cha mwisho ilichoniuliza ni kama nataka isiniulize tena.

Nikabonyeza Ndiyo. Nilijisikia kama mtu aliyeshinda kesi.

Mchana huo kazi ilikwenda kama maji. Programu ya skana ilifunguka bila neno. Nikapata picha mia moja na arobaini, nikataka kuziunganisha ziwe faili moja, nikaingia mtandaoni nikapakua programu ya bure ya kuunganisha kurasa. Sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, ina alama kubwa ya kijani. Nikaifungua, ikaingia, haikuuliza. Na haikuingia peke yake, ilikuja na wenzake. Nikasema moyoni: hii ndiyo kompyuta ya mtu huru. Jumamosi Nasra alipobisha nikamwambia nimeshamaliza, asante. Akauliza nimefanyaje. Nikamwambia mimi nilijifundisha sheria bila mwalimu.

Siku ya nane, Elisha wa Bi Tereza alifika getini akakuta mlinzi mwingine. Msimamizi akamtolea karatasi iliyochapwa, akamsomea maneno ya mama yake, mstari kwa mstari, mpaka lile dole gumba lililopigwa picha chini. Jioni wakaenda watu wawili nyumbani kwa Bi Tereza, wakakaa kwa adabu, wakanywa maji, wakamuuliza kama bado ana uhakika na aliyoyasema. Kesho yake alifuta ushahidi wake. Kufika mwisho wa wiki walikuwa wamefuta ishirini na mbili.

Nilipopigiwa simu nilihesabu. Majina tuliyajua watu wawili, mimi na Bartolomayo. Mimi sikuyatoa. Hesabu ikaisha hapo.

Na kumbukumbu yangu, hii ninayojisifia, ikaanza kunitumikia. Ikaniletea mwaka 2015, Bartolomayo akishuka kwenye gari la halmashauri mbele ya ghala. Alikuwa anatoka hospitali, walimwokota njiani, na nilijua hivyo hata siku ile. Ikaniletea siku aliyosema kwenye kikao kwamba labda tukae mezani na kampuni. Ikaniletea kicheko chake na mwenyekiti wa halmashauri. Kumbukumbu ndefu ni panga. Likikosa adui linamkata aliye jirani.

Mkutano ulikuwa ghalani. Mlijaa mpaka madirishani, na baadhi yenu mnaosoma hapa mlikuwepo. Nilisimama mbele ya lile neno la chokaa nikasema: kati yetu kuna mtu ameuza dole gumba la mama mzee. Sikutaja jina kwanza. Niliwaacha mlitafute. Halafu nikataja gari la 2015.

Bartolomayo alisimama. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Katibu," akasema, "unaniuliza, au unaniambia?"

Mnakumbuka nilivyojibu?

"Nakuambia."

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Amelipwa gunia ngapi huyo?" na watu wakacheka. Bartolomayo akavaa kofia, akatoka. Mkampisha njia pana kuliko alivyohitaji. Nilipata makofi siku ile, nayakumbuka kama ninavyokumbuka tarehe zangu zote.

Katikati ya Januari mpunga wake ulikuwa umefikisha wiki tatu kitaluni, wa kupandikiza. Mnajua kwetu inavyokwenda. Jaruba la mtu halipandikizwi na mtu mmoja. Mwenye shamba anapika pombe, anatangaza siku, majirani wanakuja alfajiri wanainama mstari mmoja mpaka saa sita, halafu wanakaa. Nimekuwa shahidi wa kazi hiyo tangu utotoni na sijawahi kusikia mtu aliyeitwa akakataa, hata kama jana yake mlipigana. Gladness, mke wa Bartolomayo, alipika mitungi mitatu. Alitandika mikeka, akaazima vibuyu. Jua likapanda. Hakuja mtu. Saa tano alikuja mlevi mmoja ambaye hakujua habari. Alipoambiwa na wapita njia akaweka kibuyu chini kabla hajanywa.

Niliambiwa yote hayo kwa simu. Nikasema, "Vema." Hilo nalo niliandike, maana hakuna aliyelisikia isipokuwa mpigaji na mimi.

Siku nne baadaye kompyuta ikaanza wazimu. Madirisha yanajifungua, matangazo ya ndoa, matangazo ya dawa. Nikamwita Nasra. Alikuja na chai yake mkononi, akabofya hapa na pale kwenye mashine, kisha akaiweka chai chini.

"Baba. Kijiti kiko chini."

Nikaanza kupanga karatasi zilizokuwa mezani.

"Nani alikishusha?"

"Labda ni umeme," nikasema. "Umeme wa hapa unakatika sana."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mtu wa miaka sitini na moja, mbele ya binti anayelingana na mjukuu wangu. Nasra hakucheka. Laiti angecheka.

Alikaa na mashine ile mpaka saa kumi. Aliikata mtandao kwanza. Akaipata ile programu ya kuunganisha kurasa na wenzake wanne ilioingia nao. Kisha, kwa simu yake, akanifungulia barua pepe yangu, sehemu ya takataka ambayo sijawahi kuitazama. Kulikuwa na barua tatu zimerudi kwangu kwa kukosa mwenyewe. Moja ilikuwa imetumwa kwa ofisa aliyestaafu zamani. Imetoka kwangu, kwa jina langu, saa nane mchana, siku moja baada ya mimi kupakua ile programu. Ndani yake mlikuwa na faili langu lenye majina thelathini na manne.

"Imechukua nyaraka ilizozikuta," Nasra akasema taratibu, "ikazituma kwa kila anwani uliyowahi kuiandikia. Haimjui mtu, Baba. Inasambaa tu."

"Kila anwani?"

"Arobaini na moja."

Niliwahi kuiandikia kampuni barua mbili za malalamiko. Anwani yao ilikuwa ya tisa kwenye orodha.

"Kama kijiti kingekuwa juu," nikauliza, "ingezuiwa?"

Angeweza kunionea huruma. Hakufanya hivyo, na ninamheshimu.

"Ingeuliza. Ingeandika kwa rangi ya manjano kwamba aliyeitengeneza hajulikani. Wewe pengine ungebonyeza Ndiyo, sijui. Lakini ingeuliza."

Akaisafisha mashine. Akabadilisha maneno yangu yote ya siri. Akapandisha kijiti. Kisha akafanya kile alichotaka kufanya Jumamosi ile: akaipa programu ya skana njia yake peke yake. Nilimtazama. Ilichukua dakika saba. Akanionyesha: skana ikafunguka kimya, na alipojaribu kitu kingine, giza likaja, swali likaja. Ndipo nikalisoma kwa mara ya kwanza mpaka mwisho. Lilikuwa na jina la programu, jina la mtengenezaji, na mahali ilipotoka. Siku zote yalikuwa pale.

Sasa ngojeni niwaambie nilichofanya baada ya kuujua ukweli. Hakuna. Siku tisa sikufanya kitu. Simu ya Bahi ikilia naiacha ilie. Nilijiambia nitasema baada ya baraza, ili kamati isivunjike. Nilijiambia Bartolomayo ni mtu mzima, atavumilia. Kila sababu niliyowahi kuisikia kwenye dirisha la ofisi niliitumia, na nilikuwa nazikumbuka zote. Siku ya tisa Nasra alinikuta kibarazani, akaniamkia kwa jina langu la kawaida. Hakuniita Mzee Hatukuulizwa. Asubuhi iliyofuata nilikwenda Bahi.

Kutoka stendi nilichukua bodaboda mpaka ukingo wa mbuga, nikavua viatu, nikaingia majini. Walikuwa wawili tu, yeye na Gladness, wameinama kwenye jaruba linalohitaji watu ishirini. Walikuwa wamepandikiza kipande kisichozidi ukumbi wa nyumba. Miche iliyobaki kitaluni ilikuwa mirefu, imeanza kuwa na manjano nchani.

"Hodi," nikasema.

Gladness hakuinua kichwa. Bartolomayo alinyooka polepole, akashika kiuno.

"Karibu, Katibu. Umekuja kuniambia kingine?"

Nikamweleza. Skana, giza, kijiti, arobaini na moja. Alisikiliza bila kunikatiza, kama anavyowasikiliza watu wote. Nilipofika mwisho, nikapiga goti palepale kwenye tope, nikaanza kuomba msamaha. Akanizuia kwa mkono.

"Hapana. Ulinisema mbele ya watu mia mbili. Leo unataka kunisafisha mbele ya vyura?"

Gladness akacheka kwa uchungu, mara moja tu, akaendelea kupanda.

"Nitaitisha mkutano," nikasema.

"Itisha. Mimi nina mpunga."

Nikaitisha. Walikuja watu tisa, na wanne walikuwa wanasubiri mvua ipite. Nilisema yote. Mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo unamtetea kwa sababu umelipwa na wewe?" Ndivyo nilivyowafundisha. Bi Tereza naye nilikwenda kwake. Alinipa kigoda, akanipa maji, hakunipa neno hata moja. Elisha bado hana kazi. Hayo nitayabeba.

Lakini la Bartolomayo siwezi kulibeba peke yangu, kwa sababu sikulifanya peke yangu. Mimi nilisema, ninyi mkapisha njia. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Katibu, subiri, tumuulize." Watu tulioandika HATUKUULIZWA kwenye ukuta! Ndiyo maana nimeandika haya na kuyachapa, yako kwenye mlango wa ghala, yako dukani, yako mkononi mwako.

Bartolomayo hakutoa jina la mtu. Niliyatoa mimi.

Miche yake leo ina wiki ya tano. Ikifika ya saba haitazaa kitu, na maji ya mbuga yameanza kupungua. Kwa hiyo usikunje karatasi hii. Kama una kompyuta nyumbani, ifungue kwanza uangalie kijiti kiko wapi, na kama kiko chini kipandishe. Programu unayoijua ipe njia yake peke yake, nyingine zote ziache ziulize, na zikiuliza soma. Halafu vua viatu. Jaruba la Bartolomayo ni la nne ukipita ghala, upande wa kushoto. Usingoje kupikiwa pombe, ilishapikwa ikamwagwa. Mimi niko humo tangu alfajiri, na mgongo wangu si wa kazi hii. Ukifika ukingoni piga hodi, umuulize kama anakuruhusu kuingia. Akisema ndiyo, inama upandikize. Njoo sasa hivi.